Kovu Nililompa Stelingi

Kabla hujasikia kwa mtu mwingine akakutilia chumvi, niseme mwenyewe: ni mimi niliyewafanya wanaume wawili wa Kipunjabi kuwa ndugu wa tumbo moja waliopotezana utotoni. Hawakuwa ndugu. Walikuwa wanapendana, filamu nzima ilihusu hilo, na mimi, maiki mkononi, mbele ya banda zima la watu wa Uyole, nikampa mmoja wao kovu kichwani ili mwenzake amtambue. Kovu lenyewe halikuwepo. Hata ukisimamisha picha ukasogea mpaka pua iguse kioo, hulioni.

Nieleze ilivyokuwa. Kwetu Uyole kuna banda la video nyuma ya pale malori yanapoegeshwa, la mabati na viroba, lenye sabufa moja inayotetemesha mabenchi. Mwenye banda zamani alikuwa utingo. Jumamosi mchana anaonyesha filamu za nje, na kwa kuwa watu hawalipi kiingilio ili waje kusoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha, anahitaji mtafsiri. Mtafsiri ni mimi. Nilianzia shuleni, nikiigiza Wachina wa kwenye filamu za ngumi mpaka mwalimu wa zamu akanitoa nje huku naye anacheka, halafu habari zikafika bandani. Sijui Kichina. Kikorea sijui. Kihindi najua neno la kusema ndiyo na neno la kusema hapana, na hayo nayo wakati mwingine nayachanganya. Kazi haidai ujue lugha. Inadai kitu kimoja tu, ambacho mwenye banda alinikaririsha siku ya kwanza kama amri ya kanisani: mtafsiri hanyamazi. Watu wakisikia kimya wanajua hujui, wakijua hujui wanadai kiingilio chao.

Sasa nije kwenye flashi iliyokuwa na filamu hiyo. Mama yangu anashona makava ya siti za malori. Kazi hiyo aliijulia Iringa, akiwa msichana, kwenye karakana ya Singasinga mmoja na mkewe. Aliajiriwa kumlea mtoto wao, na mtoto akilala, anashika cherehani. Yule Singasinga alishafariki. Mkewe bado yupo, na mpaka leo ana duka la spea, na nyumba yake ni ghorofani hapo hapo. Mimi namwita Bibi. Mama anamwita dada, naye humwita mama "mdogo wangu", na ukiwakuta wameketi wanakunywa chai huwezi kudhani mmoja aliwahi kuwa mfanyakazi wa mwingine. Bibi alizaliwa Iringa. Anasalimia "kamwene" kama Mhehe yeyote, na akikasirika na wateja anakasirika kwa Kihehe.

Yule mtoto aliyelelewa na mama ndiye chanzo cha yote. Alikua, akaenda Kanada kusoma, akabaki huko, akawa mwandishi wa filamu. Miaka ya nyuma alikuja Iringa na mwenzake, mwanaume, na kilichotokea mama alinisimulia kwa kifupi huku macho yake yako kwenye sindano: walikaa usiku mmoja tu, wakaondoka, na tangu hapo Bibi na mwanawe wanapigiana simu za kuulizana hali ya hewa. Halafu mwaka huu mwana akaandika filamu, ya lugha ya nyumbani kwao, akamtumia mama yake. Akamwambia: Desemba nataka kuja, tutakuja wawili. Lakini kwanza uiangalie hii. Ukishaiangalia, nipigie useme nije au nisije.

Bibi akakaa na hiyo flashi tangu mahindi yanapandwa mpaka yanavunwa, bila kuiangalia. Aliogopa. Dukani wapo watoto wa shemeji yake, hakutaka wajue. Na alichoogopa zaidi, alimwambia mama, ni kujikuta humo ndani. "Nitajiona, mdogo wangu. Atakuwa ameniweka, na nitakuwa mbaya." Mwishowe akaifunga kwenye leso, akampa mama, akasema mpe mwanao aone kama inafunguka kwenye televisheni. Aone inafunguka tu. Asiangalie.

Mama alinipa leso hiyo Ijumaa, na maelezo yote hayo niliyapata. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua. Nilijua.

Niliiangalia dakika chache tu, kwa kujaribu. Nikaona shamba la ngano lisilo na mwisho, mashine kubwa ya kuvunia kama zile zinazokuja kuvuna mpunga Ubaruku, na juu yake wanaume wawili wenye ndevu, mmoja kilemba cha buluu, mwingine kichwa wazi, vifua kama milango. Nikasema moyoni, hawa watapigana tu. Nikachomoa flashi nikaitia mfukoni badala ya kuirudisha kwenye leso. Hapo ndipo ujinga ulipoanzia, kwenye mfuko wa suruali.

Jumamosi filamu ya mwenye banda ikagoma. Iliganda kwenye uso wa mtu aliyefumbua mdomo, na watu wakaanza kunyanyuka. Mwenye banda ananitazama. Mimi napapasa mfuko. Unajua kabisa nilifanya nini.

Zikaanza kupita nembo za kampuni. Filamu ilitengenezwa kwa ushirikiano wa nchi nyingi, kila nchi na nembo yake na muziki wake: ya India, ya Kanada, ya Ujerumani, nyingine nisizozitambua. Mzee mmoja wa benchi la nyuma akauliza kama amekuja kuangalia sinema au mkutano wa mabalozi. Watu wakacheka, nikapata moyo, nikashika maiki.

Mwanzo nilitamba. Mwenye kilemba nikamfanya stelingi, yaani yule ambaye kila mtu anajua hafi. Mwenye kichwa wazi nikamfanya adui aliyemwibia stelingi mashine ya marehemu baba yake. Stelingi nikampa lafudhi ya Kihehe, adui lafudhi ya Kinyakyusa, na kila walipozungumza kuhusu, sijui, mafuta ya mashine au mvua, mimi nikawa nawatukanisha. Watu walikuwa hoi. Mama mmoja anayeuza viazi vya kuchemsha mlangoni akaacha beseni lake akaingia ndani. Hata mjumbe wetu wa mtaa alikuwepo, mtu asiyecheka kwa kanuni, nikaona mabega yanamtikisika.

Halafu ikaja sehemu ya nywele.

Jioni, kazi imeisha, wameketi chini kwenye mabua. Stelingi anavua kilemba, taratibu, mzunguko kwa mzunguko, mpaka nywele zinamwagika mgongoni. Adui anachukua kitana. Anaanza kumchana. Hakuna muziki, hakuna anayeongea. Kitana kinapita tu kwenye nywele, na anayechanwa amefumba macho, na uso wake una amani ambayo hakuna mtu aliyewahi kuwa nayo mbele ya adui yake. Sehemu hiyo ni ndefu. Nilikuja kujua baadaye ni ndefu kwa makusudi.

Nikaelewa. Nadhani banda zima lilianza kuelewa, kwa sababu sabufa ilinyamaza na mabenchi yakanyamaza. Mambo hayo kwetu hayasemwi kwa sauti. Yakisemwa yanasemwa kwa matusi, na mtu anaweza kukokotwa polisi kwa kuambiwa tu ni wa hivyo. Nikamwona mjumbe anageuza kichwa, hatazami tena picha, ananitazama mimi. Mwenye banda naye kasimama karibu na swichi. Kutoka mbele mtu akasema, "Mtafsiri, vipi? Umekufa?"

Mtafsiri hanyamazi. Mdomo wangu ukafunguka peke yake.

"Kovu," nikasema. "Ameliona kovu. Hapo nyuma ya sikio. Ni lile kovu la kaka yake waliyepotezana naye sokoni wakiwa watoto."

Banda likapumua. Nakwambia nilisikia pumzi yenyewe, kama tairi la lori likifunguliwa upepo. Kila mtu pale ameshaona ndugu waliopotezana, tumelelewa nao, kila filamu ya Kihindi tuliyokulia ilikuwa nao. Mzee wa benchi la nyuma akasema alijua tangu mwanzo, wamefanana pua. Mama wa viazi akaanza kulia.

Tangu hapo nikawa mtumwa wa kovu. Wakishikana mikono, ni undugu. Wakitazamana muda mrefu, wanakumbuka utoto. Ikaja harusi, mama wa stelingi anamtafutia mwanawe mke, na yule mwingine kasimama nyuma ya ukuta anafuta machozi. Nikasema analia kwa sababu kaka anaoa kabla yake. Banda likakubali ana haki. Stelingi akakimbia harusi. Nikasema hawezi kuoa kabla ya kumwonyesha mama yao mtoto aliyepotea. Hapo hata mimi nilijisikia kulia, na mimi ndiye niliyekuwa natunga.

Mwishoni wanaume wawili wanasimama mlangoni kwa mama. Jirani anachungulia ukutani, anauliza kitu. Mama, kibibi kifupi chenye funguo zilizofungwa kwenye pindo la mtandio, anajibu kwa maneno mafupi sana, halafu anaingia ndani, anatoka na sahani mbili. Nikatafsiri: "Wanangu wote wawili wamerudi nyumbani." Watu walipiga makofi. Mjumbe alipiga makofi. Nilirudi nyumbani natembea kama mbunge.

Kilichoniangusha ni simu. Mwanafunzi mwenzangu alirekodi kile kipande cha mwisho, sauti yangu ikiwa juu ya sauti zao, akaweka kwenye status. Kikaenda. Dereva mmoja wa lori akakipokea, akashuka nacho Iringa, akasimama kwenye kaunta ya duka la spea kununua fani belti, na wakati anasubiri akakifungua kwa sauti kubwa.

Bibi alikuwa nyuma ya kaunta. Alisikia Kipunjabi kinatoka kwenye simu ya dereva, na juu yake akasikia mimi.

Jumatatu asubuhi alimpigia mama. Nilikuwa nakunywa chai. Mama alisikiliza, akasema, "Ndiyo, dada," akasikiliza tena, akasema, "Tunakuja," akaweka simu chini. Kisha akaniuliza flashi iko wapi. Nikampa. Ilikuwa na vumbi la mfukoni na ganda la karanga. Nikamweleza yote, mpaka kovu. Mama yangu si mtu wa kupiga, ni mtu wa kunyamaza, na ukimya wake una uzito wa gunia la mpunga. Aliniambia jambo moja tu kabla hatujatoka.

"Yule mtoto nilimbeba mgongoni. Mambo yake ya ukubwani mimi siyajui, na sijaombwa kuyajua. Lakini asipokuja Desemba kwa ajili ya mdomo wako, utaubeba mwenyewe."

Njia nzima hadi Iringa sikufanya mzaha hata mmoja. Ukipita Mafinga msituni huwa nina mzaha wangu kuhusu miti, sikuutoa. Nilikuwa napiga picha jinsi itakavyokuwa: Bibi kageuza uso, mama anaombwa aondoke kwenye nyumba aliyojifunzia kazi, simu ya Kanada haipigwi kabisa, na mimi ndiye sababu, mimi na suruali yangu.

Tulipanda ngazi za pembeni ili tusipite dukani. Nikasema shikamoo kwa sauti ya mgonjwa. Bibi akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia viatu. Ni kibibi kifupi. Na hapo ndipo nilipoziona, ingawa nimemwona maisha yangu yote: funguo za duka, zimefungwa kwenye pindo la mtandio.

Nilianza kuomba msamaha. Nilikuwa nimeuandaa, una utangulizi na kiini, kama insha. Bibi akaukata.

"Waliokuwa wanapiga makofi ni akina nani?"

Nikasema watu wa Uyole tu, Bibi. Madereva, mama wa viazi, mjumbe.

"Na anayelia? Nimesikia mtu analia."

Nikasema ndiye mama wa viazi. Alilia tangu kwenye kovu.

"Kovu gani?"

Ikabidi nieleze kovu. Nilieleza nikitazama zulia. Nilifika kwenye mdogo mtu aliyepotea sokoni, nikasikia sauti ya ajabu, nikadhani amekabwa. Bibi alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, akamwambia mama kwa Kihehe jambo ambalo sikulielewa, na mama, ambaye tangu asubuhi alikuwa jiwe, akaziba mdomo kwa khanga.

Halafu Bibi akafuta macho, akasema tuiwashe. Akaketi katikati ya kochi, mama kulia kwake. Akaniambia nikae chini, na nisitafsiri. Atatafsiri yeye.

Kwa hiyo niliiona filamu ile mara ya pili kama mtu aliyekuwa kiziwi akapona. Walikuwa hawatukanani hata kidogo. Walikuwa wanaongea kuhusu mafuta ya mashine kweli, na mvua kweli, lakini mmoja akimwambia mwenzake vaa koti, unasikia jambo jingine chini ya koti. Bibi alitafsiri polepole, kwa Kiswahili chake cha Iringa, akimwangalia mama yangu. Ilipofika sehemu ya nywele alinyamaza. Nikageuka kumwangalia. Alikuwa na haki ya kunyamaza, ndicho kitu sahihi kusema pale. Baada ya muda akasema tu, "Nilikuwa namchana hivyo. Kabla ya shule." Mama akasema, "Na akilia kwako, mimi ndiye namalizia."

Kadiri mwisho ulivyokaribia, mkono wa Bibi ukazidi kukaza zile funguo. Yule kibibi wa kwenye filamu kila alipotokea alikuwa anasema maneno ya Bibi, nilijua kwa jinsi Bibi alivyoacha kutafsiri akawa anasogeza midomo. Aligombana, alimficha mgeni watu wasimwone, alimtafutia mwanawe mke kwa haraka. Bibi akatuambia, macho kwenye kioo, kilichotokea mwaka ule mwanawe alipokuja. Wateja walimuuliza yule kijana wa pili ni nani, akawajibu ni fundi wa kompyuta, amekuja kutengeneza mashine ya dukani. Usiku akampeleka kulala gesti, peke yake. Asubuhi mwanawe akafunga begi.

"Sasa mtaona," akasema. "Ataniweka hapo na fundi wa kompyuta."

Wanaume wawili wakasimama mlangoni. Jirani akachungulia, akauliza. Kibibi akajibu kwa maneno yale mafupi. Bibi hakutafsiri. Akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. Kibibi akajibu tena. Nirudishe tena.

Mama akamuuliza, taratibu, "Dada, amesema nini?"

"Jirani anauliza huyu wa pili ni nani." Bibi alifungua kiganja, alama za funguo zimebaki. "Anamjibu: wa kwetu. Basi. Wa kwetu, halafu anaenda kuchukua sahani."

Nikawaza kwamba tafsiri yangu ilikuwa imekaribia, nikashukuru Mungu kwamba kwa mara ya kwanza sikusema ninachowaza.

"Hajaniweka mbaya," Bibi akasema. "Amenipa la kusema. Kumbe ndilo alilokuwa analitaka. Si angeniambia tu, siku ile ile?"

Akachukua simu. Huko Kanada ilikuwa bado alfajiri, mama akamkumbusha, Bibi akasema mtoto ataamka. Walizungumza Kipunjabi, na mimi nilikuwa nimekatazwa kutafsiri, ila lile neno la "wa kwetu" nililitambua lilipopita, kwa sababu nilikuwa nimelirudisha mara nyingi. Upande wa pili nikasikia mwanaume mzima analia, na nyuma yake sauti nyingine, ya mtu aliyeamshwa, inauliza kuna nini.

Tuliondoka na viazi vya kukaanga ndani ya chapati, vimefungwa kwenye gazeti. Ngazini Bibi alinivuta sikio, si kwa utani, akasema flashi ya mtu si ya banda. Kisha akaliachia akasema nimsalimie mama wa viazi. Kwenye basi nilitoa mzaha wangu wa miti ya Mafinga. Mama hakucheka, lakini pia hakuninyamazisha, na moyo wangu ukatulia kama mtu aliyeteremshiwa mzigo mlangoni kwake.

Mpango wenyewe mama alikuwa ameshaupanga na Bibi jikoni wakati mimi nasuuza vikombe. Iringa, kwa watoto wa shemeji, bado ni pagumu. Kwa hiyo ndege itashuka uwanja wa Songwe, karibu na kwetu, na siku za mwanzo wageni watakaa kwetu Uyole, Bibi naye atakuja huku. Mimi sikuambiwa. Nilichoona ni kwamba tumefika nyumbani, mama hajavua hata viatu, akachukua futi yake ya kushonea, akaingia chumbani kwangu akapima upana wa godoro langu, akarudia kupima. Nikasimama mlangoni nikauliza kuna nini tena. Akakunja futi.

"Wakija watalala humu, wewe utalala kwenye kochi," mama akasema. "Na jirani akiuliza huyu wa pili ni nani, wewe usitafsiri."